Kumi na Saba Bila Woga: Kumuaga Graziella Deambrogio

Baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi, fundi wetu mkuu wa kanda za zamani, Graziella Deambrogio, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 17 Oktoba. Mmesoma sawasawa: Ijumaa, na tena kumi na saba, namba ya mkosi kuliko zote kwetu Waitalia. Mkurugenzi Vallauri alimsihi aondoke Alhamisi. Idara ya utumishi ikampa Jumatatu. Mwandishi wa makala haya, Nunzia Ruocco wa idara ya kubuni majalada ya santuri, mzaliwa wa Castellammare asiyetoka nyumbani bila kipembe chake chekundu cha kufukuzia nuksi mfukoni, nusura ampigie magoti. Graziella alitujibu sote kwa mpigo kwamba siku ya mwisho ni siku ya mwisho, na anayeogopa nuksi abaki nyumbani ajifunike shuka gubigubi.

Waliomfahamu tangu zamani hawakushangaa. Aliingia Studio Ghiacciaia mwaka 1986, msichana mwembamba kutoka Chivasso, kushika kazi ya mapokezi. Siku ya kwanza aliomba kabati la kuwekea koti. Makabati yetu wakati huo yaliruka kutoka 16 hadi 18, kama inavyostahili mahali penye watu wenye akili timamu. Graziella aliuliza la kumi na saba liko wapi. Alipoambiwa halipo wala halitakuwepo, alikwenda kwenye kabati la mafagio lililo mwisho wa ukumbi, akatoa mafagio, akaandika 17 kwa rangi nyekundu, akatundika koti lake. Namba ile ipo mpaka leo. Mwandishi huyu hupita hapo akiwa ameshika chuma, kinga yetu ya mkosi.

Haikuishia hapo. Mvua ikinyesha, alikausha mwavuli wake ndani, umefunguka wote, katikati ya ukumbi. Siku za kurekodi, wanamuziki wakiwa na roho mkononi, yeye alikuja na sweta la zambarau, rangi ya nuksi kwa wasanii wetu. Kuna mpiga gitaa mmoja, jina tunalihifadhi, aliyekataa kutoa gitaa kwenye mfuko wake hadi sweta lile lilipovuliwa. Graziella alilivua, akalikunja vizuri, akalikalia.

Mapokezi hayakumweka muda mrefu. Mzee Osvaldo Peirano, Mungu amrehemu, fundi wa kwanza wa studio hii na aliyerekodi nusu ya vijana wenye nywele ndefu wa Piemonte, aligundua kwamba yule msichana wa mapokezi alikuwa anaacha simu iite ili asikilize kinachopita ukutani. Badala ya kumsemea kwa mkurugenzi, alimteremsha chini, kwenye chumba cha kanda. Hapo alimfundisha kuunganisha mkanda uliokatika, kusafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti, na ile amri ya kwanza ya kazi yetu: kanda kuukuu haichezwi bila sababu, kwa kuwa kila ikizunguka inaacha kitu chake kwenye mashine. Osvaldo alikuwa akimwambia kwamba kanda ya namna hiyo ni kama bibi mgonjwa. Humsumbui usingizini ili tu uone kama bado anapumua. Graziella aliishika amri hiyo kuliko alivyoshika Amri Kumi. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Osvaldo alistaafu, akatangulia mbele ya haki, na Graziella akarithi kiti chake, kile chenye mguu uliounganishwa kwa gundi. Tangu hapo amesafisha kwaya za milimani, nyimbo za sherehe za mavuno, matangazo ya sabuni ambayo mama zetu waliyajua kwa moyo, na hotuba za maaskofu watatu. Alikuwa mpole kwa kanda na mkali kwa watu. Mtayarishaji mmoja kijana aliyekuja kutoka Milano alimsimamia mabegani akisema, "Pandisha sauti, mama, pandisha tena, watu wasikie!" Graziella hakugeuka. Alimwambia, "Watu wana kitufe nyumbani kwao, mwanangu. Wakitaka watapandisha wenyewe." Kijana yule sasa ni mzee wa kiasi, na kila Krismasi humletea chokoleti.

Lakini jina la Graziella litakumbukwa zaidi kwa ile bendi ya Vercelli, La Bilancia del Droghiere, Mizani ya Mwenye Duka. Wasomaji vijana wa jarida hili wanaweza kuwa hawajui: hawa walikuwa vijana waliotoka kwenye mashamba ya mpunga, wakaingia hapa mwanzoni mwa miaka ya sabini na kinanda kikubwa kama jeneza, filimbi, na nyimbo ndefu kiasi kwamba ungeweza kuweka maji ya tambi jikoni, ukapika, ukala, na wimbo bado haujafika kwenye ubeti wa pili. Walitengeneza albamu tatu: Nusu Kilo, Mkate wa Jumatatu, na Maji Shambani. Hazikuuza sana nyumbani. Huko Japani, hata hivyo, wapo watu wazima wenye familia zao ambao wanazijua pumzi zote za filimbi ile. Mmoja alikuja hapa kutoka Osaka, akaomba kuonyeshwa chumba walichorekodia, akasimama katikati yake akalia. Graziella alimpa leso na kipande cha keki.

Kinanda kilipigwa na Evasio Greppi, na aliyeimba alikuwa mkewe, Delfina. Maji Shambani ndiyo albamu yao ya mwisho na bora kuliko zote. Upande wa pili ni wimbo mmoja tu, na wao waliupiga wote kwa mkupuo, bila kukata. Mmoja akikosea karibu na mwisho, wote wanarudi mwanzo. Walirudi mwanzo mara nyingi mno. Delfina alifariki kwa maradhi miaka michache baadaye, na bendi ikafa naye.

Studio ilipoamua kuzisafisha upya albamu hizo tatu na kuzitoa kwa pamoja katika boksi moja, kazi ilikuwa ya Graziella, na yeye mwenyewe alisema hiyo ndiyo ya kumalizia. Nusu Kilo ilitoka ikang'aa. Mkate wa Jumatatu vilevile. Ukisikiliza sasa unasikia kiti cha mpiga ngoma kikilalamika. Maji Shambani ndiyo iliyokwama. Kanda zake za asili zilikuwa rafu ya chini kabisa, na mafuriko ya mwaka 2000 yalipoingia, rafu hiyo ndiyo iliyotangulia kuzama. Kilichobaki ni nakala iliyotayarishwa kwa ajili ya kiwanda, iliyobanwa ili wimbo mrefu uenee upande mmoja wa santuri. Katika kubanwa huko aliyeumia ni Delfina. Yupo, lakini yuko mbali, na maneno yake nusu hayashikiki.

Mzee Evasio alisikiliza kazi ya Graziella juu ya nakala hiyo, kwa heshima, kofia magotini. Kisha akasukuma mkataba mezani.

"Hizi mbili chukueni," alisema. "Hii ya tatu siweki sahihi. Delfina yuko kama amefunikwa blanketi. Nimemsikia hivyo miaka hamsini, bibie, nimechoka. Siwezi kumuuza mke wangu akiwa chini ya blanketi."

"Nipe muda, Mzee Evasio. Nitamtoa."

"Kwa kutumia nini? Mara tuliyoupiga vizuri ni ya kumi na saba, na ya kumi na saba mmeniambia imekwenda na maji."

"Nipe muda tu."

Ahadi hiyo ilimkalia vibaya. Mwaka mzima alijaribu hili na lile juu ya nakala ileile, na kila alichopandisha kilipandisha na uchafu wake. Alikuwa akija kwenye meza ya chakula cha mchana amenuna, akichezea wali wake kwa uma. Mwezi Septemba alitamka wazi mbele yetu kwamba atastaafu akiwa na deni kwa mzee wa watu, na kwamba hilo linamuuma kuliko kuondoka kwenyewe. Hatukumzoea hivyo. Hata sweta la zambarau aliacha kulivaa, nasi tukaanza kulitamani.

Sasa tunafika mahali ambapo mwandishi huyu anaomba msamaha kwa kujitaja, kwa kuwa hana namna. Kadi za mwaliko wa sherehe ya kumuaga zilikuwa kazi ya idara ya majalada. Kuandika "Ijumaa tarehe 17" kwa mkono wangu, kwa wino wangu, nilishindwa. Nilifanya kile ambacho bibi yangu angefanya, na dada zake wote: niliandika "Ijumaa, tarehe 16 bis". Bis, kama mlangoni kwa nyumba iliyochomekwa mtaani baada ya namba kumi na sita. Kumi na sita mara ya pili. Siku ni ileile, ila haijaitwa jina.

Nilimpelekea kadi ya kwanza wakati wa kahawa. Alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye sahani. Alimwonyesha Mkurugenzi Vallauri, akawaonyesha mafundi, akanishika shavu kama mtoto. Kisha, kadi ikiwa bado mkononi, kicheko kikakatika.

"Nunzia," alisema, "hapa umeandika nini?"

"Kumi na saba."

"Hujaandika kumi na saba."

"Nimeandika kumi na saba kwa adabu."

"Na Osvaldo? Osvaldo naye alikuwa na adabu?"

"Osvaldo?" alidakia mkurugenzi. "Osvaldo alikuwa na kiatu cha farasi cha kuleta bahati ndani ya begi, Graziella. Nilimwona kwa macho yangu. Huyo asingeandika kumi na saba hata kwenye cheki ya mshahara wake."

Graziella aliweka kikombe, akachukua funguo za gari, akaniambia nivae koti.

Njiani kuelekea ghala letu la Rivoli, kule juu mafuriko yasikofika, aliniambia yote huku akikata kona kwa namna ambayo kipembe changu kilifanya kazi ya ziada. Miaka ya tisini, alipokuwa akipanga upya kanda zote, alikuta boksi la Maji Shambani limeandikwa "16", na jingine "16 bis". La kumi na sita alilijua: mpiga ngoma aliangusha kijiti karibu na mwisho, wimbo ukaharibika. Bis akaichukulia kuwa nakala ya hiyo kumi na sita. Hakuicheza kuhakikisha, kwa sababu ya ile amri ya bibi mgonjwa. Kumi na saba hakuiona, na kwa kuwa maboksi kadhaa yalikuwa yameshapoteza karatasi zake, aliamini imo katika mojawapo. Ile bis akaibandika neno "nakala" na kuipeleka Rivoli pamoja na takataka nyingine ambazo roho yake ilikataa kuzitupa.

"Wameruka namba, hilo nilitegemea," alisema. "Kabati hapa liliruka, hoteli zinaruka. Lakini mtu mzima kuibadilisha namba jina! Ningewezaje kufikiria?"

"Kwa kuniuliza mimi," nilisema. "Nipo ghorofa ya juu yako tangu enzi za lira."

"Ningekuuliza wewe, ungegusa chuma kwanza nusu saa."

Tulilikuta nyuma ya matangazo ya sabuni. Boksi la kijivu, mwandiko wa Osvaldo uliolala upande mmoja: 16 bis. Na hapa mwandishi huyu anadai haki yake mbele ya wafanyakazi wote. Lau Osvaldo angeandika 17, boksi lile lingewekwa pamoja na kanda za asili, rafu ya chini, na leo lingekuwa tope. Lilipona kwa kuitwa bis. Nilimwambia Graziella hivyo palepale ghalani. Akanikabidhi boksi nilibebe mimi hadi garini. Katika miaka yote niliyomfahamu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kanda za umri ule hunata. Ukizicheza hivihivi zinachunika. Inabidi zikaushwe taratibu kwa joto dogo, na Graziella kwa kazi hiyo hatumii mtambo wowote wa maabara, anatumia mashine ya kukaushia uyoga aliyoinunua kwenye maonyesho ya kijijini. Kwa hiyo jengo zima lilinuka uyoga, na mafundi wa ghorofa ya pili walizunguka na njaa. Yeye alikaa kwenye kile kiti cha gundi akiilinda. Ilipokuwa tayari, hakuisikiliza. Alikataa kabisa. Alimpigia simu Mzee Evasio, akamwambia apande treni.

Alikuja na bati la biskuti za Vercelli na vifaa vyake vya masikio, vyenye betri mpya. Tulikuwemo chumbani wanne: yeye, Graziella, mkurugenzi na mimi. Graziella alikuwa amevaa sweta la zambarau. Nilishika chuma, nikaona na mkurugenzi ameshika cha kwake. Graziella aliitega kanda kwenye mashine, na kabla ya kubonyeza alimwambia mzee, "Ikiwa nimekosea tena, mzee wangu, utanisamehe na utakula biskuti zako mwenyewe."

Hakuwa amekosea. Kinanda kiliingia, filimbi ikafuata, maji yakaanza kupanda shambani kama wimbo unavyotaka, na halafu Delfina. Alikuwa mbele yetu. Ulisikia anameza mate kabla ya ubeti, ulisikia lafudhi yake ya Vercelli. Ngoma hazikuanguka, kijiti hakikuanguka, walifika mwisho wote kwa pamoja, na noti ya mwisho ikazimika polepole mpaka kimya. Graziella alinyoosha mkono kusimamisha mashine. Mzee Evasio akamshika kiganja.

"Subiri," alisema. "Alisema kitu."

Kanda iliendelea kuzunguka. Tukasikia sauti ya Osvaldo, kijana, kutoka chumba cha mitambo: "Kumi na sita bis. Imeingia, jamani."

Na Delfina, karibu kabisa na kipaza sauti, akicheka: "Kumi na saba, Osvaldo! Taja jina lake! Kumi na saba, tumemaliza, na hatujafa!"

Kisha mlio wa kitufe, basi.

Mzee Evasio alicheka kwanza. Alicheka kwa sauti, akipiga goti, akasema, "Ndiye huyo! Ndiye huyo! Alikuwa hampi mtu nafasi ya kupumua!" Baadaye alilia, nasi tukaangalia pembeni, mkurugenzi akijishughulisha na bati la biskuti. Alipotulia aliomba kalamu. Akaweka sahihi, halafu akatoa sharti moja: maneno yale ya mwisho yasikatwe.

Mnaomjua Graziella mnajua kwamba kila kitu baada ya noti ya mwisho, kikohozi, kiti, mlango, yeye hukifyeka bila huruma. Haya ameyaacha. Boksi la albamu tatu linatoka mwezi ujao, na yeyote atakayekuwa na subira ya kungoja hadi mwisho wa Maji Shambani atamsikia Delfina Greppi akimfokea fundi wetu wa kwanza. Jalada limetengenezwa na idara yetu. Ni la zambarau. Mwandishi amelipaka rangi hiyo mwenyewe, na mpaka leo mikono yake ni mizima.

Siku ya pili yake, wakati wa chakula cha mchana, Graziella alisimama na kutueleza kosa lake mbele ya kila mtu, kwamba aliwacheka waoga kwa muda mrefu hivi kwamba hakujishughulisha kujua woga wao unaandikwaje. Tulimpigia makofi. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Bis! Bis!", kama tunavyoomba wimbo urudiwe, na akarudia yote toka mwanzo, mara hii akiongeza chumvi.

Kuanzia wiki ijayo atakuwa Chivasso, kwenye bustani yake ya nyanya na kwaya ya akina mama ambayo, kwa maelezo yake, inahitaji kusafishwa upya. Kiti cha gundi anakiacha. Mashine ya uyoga anaondoka nayo, kwa hiyo studio itabidi inunue yake. Kabati la mwisho wa ukumbi litabaki na namba yake; mkurugenzi ameshatoa amri lisipakwe rangi.

Graziella, tunakushukuru kwa masikio yako, kwa ukaidi wako, kwa kila sauti uliyoitoa chini ya blanketi. Nenda ukapumzike, ulale mchana, mboga zako zistawi, na siku zako zote mbele ziwe njema. Sisi tutakukosa, na mimi zaidi yao.

Jarida hili, kama wasomaji wake wa siku zote mnavyojua, tangu lianzishwe halijawahi kuwa na ukurasa wa kumi na saba. Baada ya 16 huja 18, kwa sababu anayezipanga kurasa ni mimi. Tazameni chini ya ukurasa huu mnaousoma. Nimeandika kwa mkono wangu, kwa wino wangu, bila kushika chuma: 17. Na hatujafa.